Mkamwana wa Darasa la Tatu

Jumanne, kipindi cha tatu, Mwalimu Alinanuswe aliufuta ubao wa umeme kwa kitambaa kikavu, akianzia juu na kushuka chini, kama alivyofundishwa kwenye semina ya siku mbili kule Vwawa. Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha shati lake la zamani la pamba, kwa sababu kile kilichokuja na ubao kilichukuliwa na mwanafunzi wa la saba akaenda kufutia viatu. Beseni la maji lilikuwa mlangoni. Watoto walinawa wawili wawili, wakajifuta kwenye sketi na kaptula, maana ubao ule ulishika alama za vidole, na asubuhi ile karibu wote walikuwa wamekula viazi vya kukaanga.

Ubao haukuwekwa darasa la tatu kwa sababu darasa la tatu lilikuwa na akili kuliko mengine. Hicho ndicho chumba pekee cha shule ile ya milima ya Ibaba kilichokuwa na dari, na nondo madirishani. Wafadhili waliuleta kwa gari mwezi wa nne, wanaume sita wakaubeba kutoka barabarani mpaka juu, mafundi wakaufunga ukutani kwa bolti nane, wakazikaza, wakaondoka na spana zao.

Kipindi kilikuwa cha sanaa. Zoezi lilimtaka mtoto amchore mtu wa nyumbani kwao akiwa kazini. Goodness alimchora baba yake akipiga dawa shamba la viazi, pampu ikiwa mgongoni. Luka alijichora mwenyewe amelala chali, akasema hapo yuko machungani. Mwalimu akamwambia aongeze na ng'ombe, pale walipo. Luka akawachora ng'ombe wanne ndani ya mahindi ya jirani.

Rozi, wa miaka tisa, alimchora mama yake kwa nyuma.

Alianza na kisogo. Akaweka kitambaa cha kichwa kilichofungwa fundo la upande, akaweka shingo, akaweka sikio la kushoto na chini yake kovu dogo la moto, ukubwa wa punje ya maharage. Mtoto aliyebebwa mgongoni huona hayo, na mama yake aliondoka Rozi akiwa na miaka minne, kwa hiyo hayo ndiyo aliyobaki nayo. Uso hakuukumbuka. Alimkalisha kwenye kigoda, akamvika kitenge cha bluu chenye maua, ua moja moja, mpaka wenzake wakaanza kunung'unika kwamba zamu yake imekuwa ndefu. Mwishoni akampa kisu na sufuria ya viazi.

Kengele ilipolia, michoro mingine ilikaa kama ilivyochorwa. Mama wa Rozi akaendelea kumenya viazi.

Mwalimu alisimama akamtazama kidogo. Aliona anamenya maganda membamba, hapotezi kiazi. Akaandika kwenye daftari lake la maandalio: mchoro wa Rozi unaendelea. Kisha akazima swichi, akaenda kunywa chai. Ubao ukawa mweusi, lakini mama alionekana bado, hafifu, kama aliyechorwa kwa mkaa.

Asubuhi ya pili kulikuwa na maganda ya viazi sakafuni chini ya ubao, yana maji bado. Mwalimu mkuu, Mwalimu Imelda, aliitwa aje kuona. Aliuliza kama yule mama anatumia umeme wakati ubao umezimwa. Akaambiwa hapana, mita haikusogea. Akaagiza wanafunzi wa zamu wayafagie maganda kila asubuhi na kuwapelekea sungura wa shule.

Kijiji kilipata habari siku hiyo hiyo. Bibi wa Rozi, Tulinagwe, ambaye ndiye aliyekuwa akimlea, alipanda mpaka shuleni na jembe lake begani, akaliegemeza mlangoni, akavua ndala, akaingia. Alitazama kovu la chini ya sikio. Alitazama na fundo la kitambaa.

"Ndiye Agnes," alisema. "Amekonda mabega."

Habari ya Agnes ilikuwa fupi na watu wote waliijua. Alikuwa mke wa Rubeni, mwana mkubwa wa Tulinagwe na mzee Gwakisa. Rubeni aliugua kifua msimu wa mvua, akafa kabla pareto haijachumwa. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa kikao, ukaamua Agnes achukuliwe na mdogo wa marehemu, Lusubilo, ambaye tayari alikuwa na mke. Agnes alisema hapana. Alilisema mara moja tu, taratibu, macho chini. Wakamwambia basi arudi alikotoka. Nyumba, shamba la pareto na mtoto vibaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walitolewa na mtoto ni wa ukoo. Lusubilo akahamia kwenye nyumba ile na mkewe. Agnes akaenda Tunduma. Alipopiga simu, simu ilipokelewa na mzee Gwakisa, na mzee Gwakisa alisema mtoto yuko mtoni. Alisema hivyo miaka mitano, kiangazi na masika.

Sasa, Alhamisi ya wiki ile, mzee akiwa hayupo, Tulinagwe alipokea simu ya mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Tabita. Alisema anauza chipsi karibu na mpaka, na Agnes ndiye anayemmenyea viazi. Alikuwa na jambo linalomsumbua kidogo. Tangu Jumanne, Agnes anamenya debe zima na hakuna maganda yanayobaki.

"Yako huku," Tulinagwe alimjibu. "Yanaliwa na sungura."

Tabita alishukuru, akasema alitaka tu kujua, kwa sababu kuna mtu alikuwa akiyachukua kwa ajili ya nguruwe wake na alishaanza kumtuhumu.

Wiki iliyofuata zoezi la sanaa lilikuwa kuendeleza mchoro. Mtoto mmoja huanza mstari, darasa linahesabu mpaka kumi, anainua kidole, na mwenzake anaanzia pale pale mstari ulipoishia. Mwalimu alisema mstari unaweza kuwa kitu chochote. Rozi akanyoosha mkono akauliza kama unaweza kuwa barabara.

"Inatoka wapi?" mwalimu aliuliza.

"Tunduma."

"Inakwenda wapi?"

"Hapa."

Mwalimu akampa peni ya ubao. Rozi alichora kwa kuanzia kwenye kigoda. Darasa lilipofika kumi mstari ulikuwa umeshapita meza ya chipsi ya Tabita, na Agnes alikuwa ameweka kisu chini. Aliinuka, akakung'uta kitenge, akakifunga upya, akachukua mfuko wa nailoni uliokuwa haujachorwa na mtu, akaanza kutembea.

Jioni Tabita alipiga tena. Alisema Agnes amenawa mikono, ameaga vizuri, amepita kwenye ukuta wa stoo ya saruji na hakutokea upande wa pili. Alisema hana neno, ila wateja wa Zambia wanauliza bamayo, yaani mama, wa viazi yuko wapi, awaambie nini. Tulinagwe akasema awaambie amekwenda kwake.

Basi barabara ikawa kazi ya darasa zima. Wengi hawakuwahi kufika Tunduma. Deus alikuwa amefika mara tatu na Fuso ya mjomba wake inayobeba viazi, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimamia mwanzo: foleni ya malori, mizani ya pale Mpemba, halafu mkunjo wa kulia. Aligombana na Goodness kuhusu mizani, kwa sababu Goodness alitaka Agnes apimwe. Deus akamwambia mizani hiyo hupima malori. Goodness akasema mtu mwenye mfuko ni mzigo pia. Mwalimu akaamua apite pembeni.

Kurasa za ubao zilikuwa nyingi, unasukuma moja kwa kidole inakuja nyingine, na kila siku walichora mbili, nusu saa kabla ya chakula. Agnes alitembea pale palipochorwa tu. Mstari ulipoishia alisimama, akahamisha mfuko mkono wa pili, akasubiri. Ijumaa ya kwanza kengele iliwakuta wamefika Isongole, na Agnes akakaa Isongole Jumamosi na Jumapili juu ya jiwe, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumchorea chochote zaidi. Rozi hakula siku hizo mbili. Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika shuleni. Alichora kibanda chenye bati, benchi, chupa ya chai na vitumbua vitatu. Agnes alikula viwili, cha tatu akakifunga kwenye kona ya kitenge.

Mara moja Luka alifuta daraja kwa kiwiko. Hakukusudia, alikuwa akimwonyesha mwenzake jinsi mjomba wake anavyocheza harusini. Agnes alikuwa amebakiza hatua mbili afike darajani. Luka alilichora upya kwa muda wa vipindi viwili, akaweka na vyuma vya kushikilia pande zote, na taa, ingawa Agnes alipita mchana.

Siku zote hizo alionekana kwa nyuma. Alichorwa kwa nyuma, akaanza safari kwa nyuma, na darasa liliona kisogo chake kikipanda na kushuka. Rozi alimfuata mwalimu ofisini wakati wa mapumziko, akasimama mlangoni mpaka alipoulizwa. Alitaka kujua barabara inachorwaje ili mtu anayepita aje akikutazama.

Mwalimu Alinanuswe alichukua kipande cha karatasi. Akamwonyesha kwamba njia iliyo pana chini na nyembamba juu, ukimweka mtu chini, anakwenda. Ukiianza juu, nyembamba kama uzi, ukaipanua kidogo kidogo ikishuka, mtu akiwa juu, basi anakuja.

"Na uso?" Rozi aliuliza.

"Uso anakuja nao mwenyewe," mwalimu alisema. "Huo usiuchore."

Kwa hiyo ukurasa wa mwisho, ule wa kutoka kwenye msitu wa misindano mpaka geti la shule, ulichorwa na Rozi peke yake, na wenzake walikubali. Alianza na uzi kwenye ukungu wa juu. Alipanua. Aliweka mashamba ya pareto kushoto na kulia, meupe, akaweka mfereji, akaweka mawe ambayo kila mtu wa Ibaba huyajua kwa sababu ameshajikwaa hapo. Agnes alitokea kwenye ukungu akiwa ukubwa wa punje ya mahindi. Alikuwa ameinamisha kichwa, mfuko ameuweka utosini, kama mtu yeyote apandaye mlima ule. Kila saa aliongezeka. Alhamisi jioni alikuwa ukubwa wa kidole gumba.

Mwalimu Imelda alipiga hesabu kwa rula, akasema atafika kesho, kama saa nne. Na hapo akaanza kupanga mapokezi, kwa sababu shule ina utaratibu. Mgeni yeyote anayeingia shuleni hukaribishwa mbele ya mwenyekiti wa kamati ya shule, husaini kitabu cha wageni, na mwenyekiti naye husaini chini yake. Aliyesaini amepokelewa, jina lake lipo, na mtendaji wa kijiji hupelekewa nakala.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee Gwakisa.

Kila mtu alijua kwamba mzee Gwakisa ni baba mkwe wa Agnes. Na kila mtu alijua kwamba mwenyekiti wa kamati hukaa mbele. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Walitandika kitambaa cha kufuma kwenye kiti cha mwalimu mkuu, wakakiweka katikati, hatua mbili kutoka kwenye ubao, na barua ya mwaliko ikapelekwa na mhuri.

Ijumaa saa tatu na nusu darasa lilijaa. Watu wengine walisimama nje na kutazama kupitia nondo. Rozi alikuwa amevaa sweta lililofuliwa na kukaushwa jikoni, linanuka moshi. Bibi Tulinagwe hakuwepo bado, alikuwa jikoni kwa mwalimu mkuu akichemsha chai ya wageni, na kama angekuwepo labda angeliona jambo lile mapema. Mzee Gwakisa aliingia na koti lake la kanisani na fimbo, akasalimia, akakaa kwenye kitambaa cha kufuma.

Agnes alikuwa amefika kwenye mawe ya kujikwaa. Aliyaruka. Matope ya njia yalikuwa kwenye miguu yake mpaka juu ya vifundo, na darasa lilisikia pumzi yake. Sasa alikuwa ukubwa wa mtu. Alifika getini, akashusha mfuko, akauweka chini. Alinyoosha kitenge kiunoni. Akaanza kuinua kichwa.

Rozi aliona kidevu. Aliona na mdomo wa chini.

Mzee Gwakisa akakohoa.

Katika familia za milima hii, mkamwana hamtazami baba mkwe wake, wala baba mkwe hamtazami mkamwana. Wakikutana njiani, mzee hukohoa ili asikike, na mkamwana hutoka njiani, hugeukia shambani, huchuchumaa na kujifunika kichwa mpaka mzee apite. Akishapita, anainuka na kuendelea na safari yake. Wasichana wa siku hizi wanaosoma Itumba na Vwawa huinamisha kichwa kidogo tu, kisha huendelea na simu zao. Lakini Agnes alilelewa na nyanya yake, na alilelewa vizuri.

Aliposikia kikohozi alishusha uso. Akatoka barabarani hatua tatu, akageukia pareto, akachuchumaa na kujifunika kitenge cha juu mpaka utosini. Kisogo kilikuwa kwa darasa. Akasubiri mzee apite.

Mzee hakuwa na pa kupita, maana alikuwa amekaa.

Walisubiri kwa heshima. Mwalimu Imelda alidhani atainuka mwenyewe. Kitabu cha wageni kilikuwa mezani, kimefunguliwa, kalamu juu yake. Dakika kumi zilipita. Hapo Mwalimu Alinanuswe alisogea, akainama karibu na sikio la mzee, akamwomba kwa adabu atoke nje kidogo, kama dakika mbili, ili mgeni aingie.

"Mwalimu, mimi sijamkataza mtu kupita," mzee Gwakisa alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na watu wa dirishani walisikia. "Njia si ile pale? Mimi nimekaa tu."

"Mzee, unajua hawezi kupita ukiwa umekaa hapo."

"Basi ana adabu. Namsifu."

Bibi Tulinagwe aliingia na birika la chai na kulikuta jambo lilivyo. Alitazama ubao, akatazama kiti. Aliweka birika chini polepole.

"Baba Rubeni," alisema, "inuka twende ukanywe chai."

"Niletee hapa hapa."

"Hapa ni darasani."

"Na mimi ni mwenyekiti."

Tulinagwe akammiminia. Alisahau sukari, na mzee akainywa hivyo hivyo. Watu wa dirishani walianza kutazama chini, wakakumbuka ng'ombe, wakakumbuka mahindi yaliyoanikwa. Lusubilo alikuwa miongoni mwao. Yeye ndiye aliyeondoka wa kwanza, na akapita njia ya shamba la pareto, lile lililokuwa la kaka yake.

Rozi alitoka kwenye dawati lake, akasimama mbele ya babu yake, mikono nyuma kama anayejibu swali.

"Babu, nenda nyumbani."

"Nyumbani ni kwangu," alisema mzee. "Nitakwenda kengele ikilia."

Kengele ilipolia saa nane alikwenda, na mwalimu akabaki na Rozi na bibi yake wakisubiri Agnes ainuke. Alianza kuinuka kweli. Lakini mzee Gwakisa alikuwa amesimama nje ya dirisha kufunga kamba ya kiatu. Akakohoa, Agnes akachuchumaa. Kisha mzee akasema ni saa ya kufunga shule, na kwa mujibu wa kanuni ufunguo wa darasa lenye mali ya wafadhili hukaa kwa mwenyekiti wa kamati. Ilikuwa kweli, ilikuwa imeandikwa. Akafunga mlango, akautia ufunguo kwenye mfuko wa koti, akaondoka nao mpaka Jumatatu.

Jumatatu alikuwa amekaa kwenye kiti kabla ya wanafunzi wa zamu kufika.

Watoto walijaribu waliyoyaweza. Goodness alichora pazia zito kati ya Agnes na kiti, lenye pete kumi na mbili. Mzee alikohoa, na kikohozi kikapita kwenye pazia. Deus alichora njia ya nyuma, inayozunguka vyoo vya walimu. Agnes alitazama miguu yake, akainua kisigino, akasikia kikohozi, akakirudisha. Luka alichora mlango mkubwa wenye kufuli, akamfungia mzee upande wake, halafu akakuta mzee yuko darasani bado na anamtaka afute upuuzi huo. Mwalimu alifikiria kuuhamishia ubao chumba kingine. Zile bolti nane zilikuwa za aina ambayo hakuna spana yake Ibaba wala Itumba.

Bibi Tulinagwe aliitisha wazee. Walikaa siku nzima, wakala, wakasikiliza pande zote mbili ila ule wa ubaoni, ambao haukuweza kugeuka. Walisema mzee Gwakisa hakumgusa mtu, hakumtukana mtu, hakufunga njia ya mtu. Alikuwa amekaa, na amekaa kwenye kiti alichopewa. Mtendaji wa kijiji aliandika barua kuuliza kama kuna sheria. Jibu lilisema suala hilo ni la kifamilia.

Na sababu yenyewe hakuna aliyeitaja kikaoni, ingawa waliijua. Agnes akishasaini kitabu kile, amepokelewa mbele ya serikali, na mtu aliyepokelewa anaweza kuuliza nyumba yake iko wapi, shamba lake linachumwa na nani, na mtoto wake analala wapi. Siku mbili baadaye Lusubilo alipeleka gunia la viazi kwa kila mzee aliyekaa kile kikao. Alisema ni shukrani tu kwa muda wao.

Tulinagwe hakumlisha mumewe ugali wa moto tena. Aliupika, akauacha upoe, ndipo akampa.

Ikawa hivyo. Mzee Gwakisa alikuja kila siku ya shule na blanketi la magotini. Usiku na siku za likizo darasa lilikuwa limefungwa, na mgeni mwenye adabu haingii mahali ambapo hakuna wa kumkaribisha. Masomo yaliendelea. Alijifunza sehemu na desimali kwa kukaa, na mara moja, wakati wa maswali ya kichwa, alijibu saba ya nane kabla ya darasa. Mwalimu Alinanuswe akamwambia anyooshe mkono kwanza. Mzee hakuwa mtu mkali. Mtoto akipiga chafya alimwambia ajifunike.

Agnes alichuchumaa pembeni mwa ubao, mgongo kwa darasa, kitenge utosini. Somo lolote lililoandikwa liliandikwa kwa kumzunguka, majedwali ya kuzidisha juu, majina ya mikoa kulia. Mvua zilipoanza walimchorea turubai. Walimchorea kigoda, na alikaa, akishukuru kwa kichwa. Kila siku saa nne mtoto wa zamu alimchorea uji na kipande cha kiazi kitamu, na mkono wake ulikuja nyuma bila yeye kugeuka, ukapapasa, ukachukua. Mkono huo Rozi aliusoma wote: pete hakuna, kucha fupi, kidole cha shahada kina alama ya kisu.

Alasiri, kabla mlango haujafungwa, Bibi Tulinagwe alikuja na kigoda chake, akakaa ukutani chini ya Agnes, akamweleza ya nyumbani. Hakushusha sauti kwa ajili ya mtu aliyekuwa kwenye kiti. Alimweleza kwamba Rozi ameng'oka jino la juu. Kwamba amepata alama themanini na mbili za Kiswahili. Kwamba siku hizi analala amekunja miguu, kama Rubeni. Agnes alisikiliza. Kitenge kilitikisika mabegani mara nyingine, na Tulinagwe alinyamaza mpaka kitulie, ndipo akaendelea na habari za kuku.

Rozi hakuondoka mpaka alipoondolewa. Alisimama karibu na ubao akamwambia mama yake jambo moja kila siku, si zaidi, kwa sababu jambo moja mtu anaweza kulibeba usiku kucha. Siku ya mwisho ya muhula alisogea mpaka akagusa ubao.

"Mama," alisema, "nimekuwa mrefu. Ukigeuka usimtafute mtoto mfupi."

Mkono ulikuja nyuma. Rozi aliusogezea kichwa chake, na mkono ukapima urefu wake juu ya kioo, ukakaa hapo. Mzee Gwakisa akatazama saa yake.

Januari shule zilifunguliwa. Rozi alikuwa amefaulu, na waliofaulu huingia la nne. Alimwomba Mwalimu Imelda arudie la tatu. Mwalimu Imelda alitazama matokeo yake, akasema kwa alama hizi hairuhusiwi, na kwamba darasa la tatu mwaka huu lina watoto tisini na nne, hakuna dawati. Watoto wapya wa la tatu walikuta ubao una mama aliyejifunika kitenge na kiti kina mzee, wakaonyeshwa zamu ya uji inavyokwenda, wakaizoea kwa wiki moja.

Darasa la nne lilikuwa chumba cha pili, ubavuni mwa lile la tatu. Halikuwa na dari. Mwalimu wao aliandika kwa chaki kwenye ubao mweusi uliopauka katikati. Wengine waligombea madawati ya dirishani. Rozi alichagua la nyuma kabisa, lililogusa ukuta, mahali ambapo ncha nane za bolti za ule ubao zilitokeza kwenye plasta, nne kushoto na nne kulia. Kati yake plasta ilikuwa na joto kidogo, siku zote, hata siku za ukungu. Aliuegemeza mgongo wake hapo, akapandisha mabega mpaka yakapata mahali pake, akafungua daftari la hisabati.

Mwalimu wa la nne alimwambia akae wima. Rozi alikaa wima mpaka mwalimu alipogeuka kuandika.